Barua ya wazi kwa wanaonunua unga wa lishe: mikunde ipimwe, isitajwe tu

Kwa wakuu wa wizara zinazosimamia afya, elimu na kilimo. Kwa mamlaka za viwango. Na kwa kila ofisi inayonunua unga wa uji wa watoto kwa fedha za umma.

Waheshimiwa,

Chukueni mfuko wowote wa unga ulioandikwa "lishe", mgeuze, msome vilivyomo. Mara nyingi mtakuta mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele na ngano, na mwisho kabisa soya au karanga, bila kuelezwa ni kiasi gani. Mfuko wa namna hiyo unavutia kwa wingi wa majina. Lakini nafaka sita zikikutana hazizibi pengo la protini ambalo nafaka moja imeshindwa kuliziba, maana zote zimepungukiwa kitu kilekile.

Tunachoomba ni kwamba unga wowote wa uji unaonunuliwa kwa fedha za umma uwe na sehemu tatu kati ya kumi, kwa uzito mkavu, za mikunde iliyotajwa kwa jina na kuivishwa kabla ya kusagwa, na mkaguzi awe na njia ya kulithibitisha hilo mfuko ukiwa mkononi mwake. Sisi ni wasindikaji wa unga, wasimamizi wa jikoni kubwa na wataalamu wa lishe, na tunajua kwamba kazi hii huharibikia kwenye mambo madogo. Ndiyo maana barua hii inaingia jikoni na kiwandani kuliko kawaida ya barua za wazi.

Tuanze na hesabu. Protini hujengwa kwa amino asidi, na mwili huzitumia zote kwa kadiri ya ile iliyo haba. Katika nafaka, iliyo haba ni laisini. Gramu moja ya protini ya mahindi ina takriban miligramu 28 za laisini, na ya mtama ina pungufu ya hapo. Kipimo kilichotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 kinataka miligramu 57 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na 48 kwa aliyevuka umri huo. Kunde, maharage, choroko, dengu, mbaazi na soya zina kama 60 hadi 70. Zenyewe zimepungukiwa amino asidi zenye salfa, ambazo nafaka inazo. Ukichanganya gramu 70 za mahindi yenye protini ya asilimia 9 na gramu 30 za kunde zenye asilimia 23, protini ya unga inapanda kutoka gramu 9 hadi 13 katika kila gramu 100, na laisini inafika miligramu 48 kwa gramu ya protini. Uwiano huu si mgeni. Ricardo Bressani na wenzake katika taasisi ya lishe ya INCAP kule Guatemala walionyesha miongo mingi iliyopita kwamba mahindi na maharage hufanya kazi vizuri zaidi kila upande unapochangia karibu nusu ya protini yote, jambo ambalo kwa uzito huangukia karibu na 70 kwa 30.

Sasa karanga. Karanga ni jamii ya mikunde, ina protini ya kutosha, na wazabuni wanaipenda kwa sababu haihitaji kuchemshwa na harufu yake inauza. Ila laisini yake ni kama miligramu 35 tu kwa gramu ya protini. Weka gramu 30 za karanga mahali pa kunde katika hesabu ile ya juu: protini itafika karibu gramu 14, lakini laisini itabaki kama 32, yaani juu kidogo tu ya mahindi matupu. Zabuni inayotaja asilimia ya protini peke yake itampa ushindi mwenye karanga dhidi ya mwenye kunde, na mtoto ndiye atakayepunjika. Hatusemi karanga ziondoke. Zina mafuta karibu nusu ya uzito wake, na uji wa maji mengi unayahitaji mafuta hayo. Tunasema zihesabiwe kama mafuta, nje ya zile sehemu tatu.

Mtu mzima anayekula ugali kwa maharage ameshakamilisha hesabu hii sahanini, wala hahitaji unga wowote maalumu. Anayeumia ni anayepewa uji mtupu asubuhi: mtoto mdogo ambaye tumbo lake halipokei sahani mbili, na mwanafunzi ambaye kikombe hicho ndicho chakula chake mpaka mchana. Na hata kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mchanganyiko huu haufiki zile miligramu 57 za laisini, wala hauna vitamini B12 hata chembe. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake; baada ya hapo anyonye huku akipewa uji huu pamoja na yai, samaki au maziwa. Anayeuza unga wa mimea kama badala ya hivyo vyote azuiwe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusaga mikunde mibichi.

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Mtoto anakunywa protini na kuitoa bila kuifaidi. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili ya mbegu. Yakiliwa mabichi au nusu mabichi huleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache, na moto mdogo usiofikisha mchemko hauisaidii hali. Unaweza hata kuizidisha. Jikoni nyingi za shule zina upungufu wa kuni, kwa hiyo uji huepuliwa punde tu unapoanza kutokota. Unga wa maharage mabichi ukipita katika jikoni ya namna hiyo ni ajali iliyoandaliwa. Kuandika "pika vizuri" kwenye mfuko hakumlindi mtu. Mikunde iivishwe kiwandani, ili mpishi aliyechoka asiwe kinga ya mwisho.

Namna ya kuivisha inategemea mbegu. Soya hupembuliwa, kisha hutiwa kavu katika maji yaliyokwisha chemka, kidogo kidogo ili mchemko usikatike. Ikilowekwa kwanza kwenye maji baridi na kupondeka, kimeng'enya chake hugusana na mafuta na kuleta ile harufu ya ubichi inayowafanya watoto wasukume kikombe. Maji ya moto hukiua kabla hakijaanza kazi. Mchemko ukirudi, hesabu dakika 25 hadi 30, mwaga maji, ifikiche katika maji baridi na uondoe maganda yanayoelea. Maharage ni kinyume: yalowekwe saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe pamoja na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa mchemko wa nguvu usiopungua dakika 30, na yaendelee mpaka yalainike. Kunde, choroko na dengu iliyokobolewa huiva upesi zaidi, na kwa kiwanda kidogo tungependekeza kuanza na hizi. Magadi au soda ya kupikia huharakisha kulainika lakini huharibu vitamini B1. Wasiolazimika wasiweke.

Baada ya kuchemsha kuna hatua ambayo watu huiona ndogo, nayo ndiyo inayoharibu unga mwingi: kukausha. Mikunde iliyoiva na kulowa ni shamba zuri la ukungu. Itandazwe safu moja juu ya wavu ulioinuliwa, hewa ipite chini na juu, isiachwe nje usiku. Imekauka pale ambapo punje ikiumwa hukatika kwa mlio, ikibonyea, bado. Ikianza kunata au kutoa harufu ya kuchacha, itupwe. Kuikaanga ili harufu ipotee ni kumdanganya mlaji. Msimu wa mvua bila kikaushio cha moto, kazi hii isifanyike. Ni heri kununua mapema na kuhifadhi.

Kukaanga kwa wastani, bila mafuta, kunaleta ladha na kumalizia unyevu. Rangi iwe ya dhahabu tu. Wapo wanaokaanga mpaka kahawia iliyokolea kwa sababu uji unanukia vizuri zaidi, ila katika moto huo sukari hushikana na amino asidi, na ya kwanza kupotea ni laisini. Yaani inaungua ileile tuliyoifuata. Kukaanga peke yake pia si mbadala wa kuchemsha kwa maharage: joto kavu halivunji lektini kwa uhakika kama mchemko wa maji.

Vipimo navyo vina mitego. Kilo tatu za mikunde iliyotoka kwenye maji ni kama kilo moja na nusu tu ikikauka, kwa hiyo anayepima ikiwa imelowa anatoa nusu ya alichoahidi, pengine bila kukusudia. Ipimwe ikiwa kavu na imekobolewa. Maganda na takataka hupunguza uzito, ndiyo maana anayehitaji kilo 30 safi anunue zaidi ya hizo. Pasipo mizani, makopo saba ya nafaka nzima kwa matatu ya mikunde mizima iliyokauka yanakaribia uwiano. Vikombe vya unga uliokwisha sagwa havifai, kwa kuwa unga hushindiliwa. Soya isagwe pamoja na mahindi, si peke yake, maana mafuta yake huziba chekeche la kinu na unga hutoka ukiwa na madonge na joto.

Tuwape picha ya kikombe. Watoto 100, mililita 300 kila mmoja, lita 30 za uji, kilo 4 za unga, yaani gramu 40 kwa mtoto. Ukiwa wa mahindi matupu, mtoto anapata gramu 3.6 za protini na miligramu 100 hivi za laisini. Ukiwa na sehemu tatu za kunde, gramu 5.3 na miligramu 250 hivi. Ukiwa na soya, gramu 6.8 na miligramu 340 hivi. Maji, sufuria, mpishi na muda ni vilevile. Unga ukorogwe kwanza katika maji baridi, umiminwe katika maji yanayochemka, na upikwe dakika 15 hadi 20 tangu mchemko urudi. Unga wenye mikunde hushika chini haraka kuliko wa mahindi, na hufura povu. Sufuria isijazwe zaidi ya robo tatu, na mwiko usitoke mkononi katika dakika za mwanzo.

Kwa watoto wadogo kuna tatizo jingine: uji ukiwa mzito wanashindwa kuumeza, ukiwa mwepesi wanajaa maji. Kimea kinasaidia. Kijiko cha chai cha unga wa ulezi uliochipuzwa na kukaushwa, kikitiwa katika bakuli la uji mzito uliopoa kidogo, huuyeyusha ndani ya dakika chache, na unga unaweza kuongezwa bila kuwa gundi. Uchemshwe tena kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu kuchipuza hukuza vijidudu pia. Kimea cha mtama kina hatari yake: machipukizi ya mtama hubeba sianidi, hivyo mizizi na vichipukizi vyote lazima vifikichwe na kupepetwa baada ya kukausha. Viwango vya kimea cha watoto vitaje ulezi kwa jina, na mtama uruhusiwe tu kwa anayethibitisha hatua hiyo.

Mnaosimamia uongezaji wa virutubishi, kuna jambo la kitaalamu linalopitwa. Mikunde huleta chuma na zinki, lakini huja na faiteti, kemikali ya asili ya mbegu inayovifunga visifyonzwe. Kuloweka, kuchipuza na kuchachusha hupunguza faiteti. Tunda lenye vitamini C husaidia chuma kupita. Chai pamoja na uji hukizuia. Mkiongeza chuma kiwandani, aina yake ni muhimu. Kwa unga usiokobolewa, wenye faiteti nyingi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza NaFeEDTA, aina ya chuma ambayo faiteti haiifungi kwa urahisi. Unga wa chuma halisi ni rahisi kununua na huonekana vizuri katika maabara, lakini kinachofyonzwa mwilini kutoka kwenye unga wa namna hii ni kidogo sana.

Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, tunaitaja kwa ufupi kwa sababu mnaijua. Kenya mwaka 2004 ililaza wagonjwa 317 na kuua 125 kwa mahindi yaliyoota ukungu. Kupika hakuiondoi, na kusaga huificha. Karanga na mahindi ndiyo malango yake makuu, na hii ni sababu nyingine ya kutoziegemeza sehemu tatu zetu kwenye karanga. Mahindi yaingie kinuni yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, karanga asilimia 7, na kila shehena ipimwe kabla ya kusagwa.

Ukaguzi wa uwiano si mgumu kama unavyodhaniwa. Kupima laisini yenyewe kunahitaji maabara kubwa, na mara chache kwa mwaka yatosha. Kwa kila shehena, protini na mafuta yakisomwa pamoja yanaeleza karibu kila kitu. Unga wa mahindi na soya kwa 70 na 30 hutoa protini karibu asilimia 17 na mafuta 8 hadi 9. Wa mahindi na kunde, protini 13 na mafuta 3 hivi. Ukikuta protini 13 au 14 na mafuta yamefika 16 au 17, hiyo ni karanga, hata lebo iseme nini. Uivaji wa soya hujulikana kwa kipimo cha yurease, kimeng'enya cha soya mbichi kinachoharibiwa na joto: unga hunyunyiziwa maji ya yurea yenye rangi ya kiashiria, na ukiwa mbichi hugeuka mwekundu ndani ya dakika chache. Kipimo hiki hakigundui soya iliyounguzwa. Hiyo itazamwe kwa rangi na kwa umumunyifu wa protini. Kwa maharage hakifai kabisa. Huko mkaguzi ategemee daftari la kiwanda linaloonyesha saa ya kuanza na kumaliza mchemko, na afike bila taarifa.

Muda wa kukaa rafuni mara nyingi hukadiriwa kwa unga wa nafaka na kunakiliwa. Unga wenye soya isiyokamuliwa huchacha mafuta mapema, na wenye karanga mapema zaidi. Wekeni muda mfupi, mifuko isiyopitisha mwanga na unyevu, na usambazaji wa mara kwa mara badala ya shehena moja ya mwaka mzima. Anayetaka kuhifadhi muda mrefu ahifadhi mbegu nzima, kavu, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hufa humo kwa kukosa oksijeni bila dawa. Zisikae mahali penye joto na unyevu mwingi: maharage yaliyohifadhiwa hivyo hugoma kuiva hata yachemshwe nusu siku, na gharama yote huhamia kwenye kuni.

Kuhusu ugali na mikate, msilazimishe 30. Ugali hukubali asilimia 10 hadi 15 za unga wa mikunde. Ukizidi sana hunata na kukosa mshikamano, na watu watauacha. Mkate wa ngano nao hudidimia kadiri gluteni inavyopungua. Vyakula hivi huliwa na mboga, na mboga ya maharage inafanya kazi hiyo vizuri kuliko sera.

Bei mtaiuliza, na ni haki yenu. Mikunde ni ghali kuliko nafaka kwa kilo, na kuivisha kunakula nishati. Basi linganisheni bei kwa gramu ya laisini inayomfikia mtoto, si kwa kilo ya mfuko. Nafaka zile za mapambo katika orodha ndefu zinaweza kuondoka bila mtu kupungukiwa, na nafasi yake katika bajeti ikaenda kwenye mikunde. Mikataba itangazwe kabla ya msimu wa kupanda, ili mkulima ajue kuna mnunuzi wa kunde zake.

Ili kupunguza kazi ya ofisi zenu, kifungu cha zabuni tumeshakiandika. Mnaweza kukinakili kama kilivyo:

"Unga uwe na nafaka isiyokobolewa, aina moja au mbili, asilimia 70 kwa uzito mkavu, na mikunde iliyotajwa kwa jina (kunde, maharage, choroko, dengu, mbaazi au soya), asilimia 30. Karanga na mbegu nyingine za mafuta hazitahesabiwa katika asilimia 30. Mikunde iwe imechemshwa, imekaushwa na kusagwa baada ya hapo, na daftari la kuchemsha lioneshwe kwa kila shehena. Kila shehena iambatane na majibu ya unyevu, protini, mafuta na sumukuvu; yenye soya iambatane pia na jibu la kipimo cha yurease. Asilimia ya kila kiambato, tarehe ya kusaga na tahadhari ya mzio wa soya au karanga zichapwe upande wa mbele wa mfuko."

Wenu katika kazi,

Wasindikaji, wapishi na wataalamu wa lishe